Maswali ya Wasomaji: Polima Inayoitambua Sukari Majini

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, polima (molekuli ndefu kama minyororo, mfano zile za plastiki) zinazobadilika zikikutana na sukari iliyoyeyuka majini. Barua zilizofuata zimetoka karibu zote katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na nyingi zimeuliza mambo ambayo aya ile haikuyatosheleza. Tumechagua tano.

Kutoka kwa mwalimu wa Kemia, Iringa

*Ndugu Mjibu Maswali, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanajua kupima sukari kwa myeyusho wa Benedict. Wanachemsha, na rangi ya buluu inageuka kijani, kisha njano, na mwishowe nyekundu ya tofali. Mlipoandika kwamba kuna polima inayoitambua sukari bila kuchemshwa, mmoja wao aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu: plastiki isiyo na ulimi itaijuaje sukari? Naomba maelezo ninayoweza kuyapeleka darasani.*

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba polima haiujui utamu hata kidogo, na kwamba Benedict naye hakuupima utamu. Myeyusho wa Benedict hupima uwezo wa sukari kuipa shaba elektroni, na ndiyo maana sukari ya mezani, ambayo ni sukrosi, huiacha ile buluu ilivyo mpaka kwanza uichemshe na asidi ikavunjika. Polima tunayoizungumzia hupima kitu kingine kabisa, yaani umbo. Hutafuta mahali ambapo molekuli ya sukari ina vikundi viwili vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni) vilivyo jirani na vinavyoelekea upande mmoja, kisha huvishika hivyo viwili kwa pamoja.

Kinachoshika ni boroni. Mwanakemia huchukua mnyororo wa polima na kuutundikia, hapa na pale, vikundi viitwavyo asidi ya boroniki: atomu moja ya boroni iliyofungwa kwenye kaboni kwa upande mmoja, na kwa pande mbili nyingine imebeba haidroksili. Sukari yenye jozi inayofaa ikifika, molekuli mbili za maji huachiliwa na boroni hufungamana na sukari kwa pete ndogo. Kifungo hicho ni kifungo halisi cha kemikali, si mvuto hafifu wa kupita, lakini kinafunguka tena mara sukari inapopungua katika maji yanayoizunguka. Hapo ndipo tofauti kubwa na Benedict ilipo. Benedict huila sukari anayoipima na kazi yake inaishia palepale, ilhali polima huishika sukari, huiachilia, na kuishika tena, hivyo inaweza kukaa ndani ya myeyusho siku nzima ikifuata kupanda na kushuka kwa kiasi chake.

Urafiki huu wa boroni na sukari ni wa zamani. Mwanakemia Mholanzi Böeseken, mwanzoni mwa karne ya 20, aliutumia kwa asidi ya boriki ili kubaini haidroksili za sukari zimekaa upande gani. Mwaka 1959 Lorand na Edwards walipima nguvu ya mshiko wa asidi ya fenilboroniki kwa sukari mbalimbali, na namba zao bado zinanukuliwa hadi leo. Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wanaoijua boroni kama kirutubisho cha mmea watapenda kusikia kwamba jambo lilelile linatendeka shambani mwao: ndani ya kuta za seli za mimea, boroni huunganisha minyororo miwili ya pektini kwa kuzishika sukari zake, na ni kwa sababu hiyo mmea uliopungukiwa boroni hudhoofika kwanza katika sehemu changa zinazokua.

Sasa, mshiko peke yake hauonekani kwa macho, na hapa ndipo polima inapostahili jina lake. Minyororo ikifungamanishwa kuwa mtandao, tunapata haidrojeli, kitu chororo kinachohifadhi maji mengi kama ule unga ulio ndani ya pampasi za watoto. Asidi ya boroniki ikiwa haijashika kitu, sehemu yake kubwa haina chaji katika maji ya kawaida. Ikishika sukari inakuwa asidi kali zaidi, inapokea haidroksili kutoka kwenye maji na kubaki na chaji hasi. Mtandao uliojaa chaji hasi huvuta ayoni za chaji chanya ndani yake, ayoni huvuta maji, na jeli inavimba. Sukari ikiondoka, jeli inasinyaa. Kwa hiyo tukio dogo lililofanyika kwenye atomu moja ya boroni linakuzwa na mnyororo mzima hadi likawa badiliko la ukubwa unaloweza kulipima kwa rula. Naona jambo hili kuwa zuri kuliko yote katika somo hili, na ningependa mwanafunzi wako alione kabla ya kuona namba yoyote. Toyoichi Tanaka alionyesha mwaka 1978 kwamba jeli inaweza kubadilika ujazo ghafla kwa sababu ya badiliko dogo katika mazingira yake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1998, Kataoka na wenzake nchini Japani walitengeneza jeli isiyo na protini yoyote ndani yake, yenye asidi ya boroniki, iliyobadilika kwa kufuata glukosi.

Wengine hawakuridhika na rula. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani, Sanford Asher na wenzake walipanga ndani ya jeli vijipira vidogo mno kwa safu zenye nafasi sawa, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba jeli hiyo hubadili rangi. Rangi yake haitoki kwenye dawa ya kupakia rangi. Inatokana na nafasi kati ya safu, kwa njia iliyo karibu na ile inayompa ndege aitwaye chozi mng'ao wake anapofyonza maua. Jeli ikivimba nafasi zinaongezeka na rangi inasogea kuelekea nyekundu. Ikisinyaa, inasogea kuelekea buluu. Njia nyingine ni kuambatisha karibu na boroni molekuli inayong'aa ikimulikwa, iliyopangwa hivi kwamba mng'ao unazimwa boroni ikiwa tupu na unawaka boroni ikishika sukari. Seiji Shinkai na Tony James walifungua njia hiyo miaka ya 1990.

Zipo familia nyingine mbili, nizitaje kwa ufupi. Moja hufungia ndani ya jeli kimeng'enya cha glukosi oksidesi, ambacho hugeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki. Asidi hiyo hushusha pH, yaani kipimo cha uchachu, na jeli inayohisi pH inavimba. Ya pili hutumia konkanavalini A, protini inayopatikana katika mbegu za maharage ya jamii ya *Canavalia*, ambayo hushika glukosi na manosi. Familia hizi huchagua vizuri kuliko boroni, lakini zimebeba protini, na protini huharibika kwa joto na kwa muda. Boroni haiharibiki upesi, na ndiyo maana nimeipa nafasi kubwa.

Kasoro ya boroni ni kwamba haiishiki kwa nguvu sukari ambayo watu wengi wanataka kuipima. Katika vipimo vya 1959, mshiko wa fruktosi, yaani sukari ya matunda, ulikuwa takriban mara 40 ya ule wa glukosi. Sababu ni umbo tena: ndani ya maji, zaidi ya asilimia 99 ya glukosi hukaa kama pete ya pembe sita, ilhali boroni hupenda pete ya pembe tano, na katika fruktosi pete hiyo ya pembe tano ni takriban robo ya molekuli zote au zaidi. Sukrosi hushikwa kidogo kabisa, kwa kuwa pete zake mbili zimefungwa pamoja na haziwezi kujigeuza. Mwalimu, uandike mpangilio huu ubaoni: fruktosi mbele, glukosi nyuma yake kwa mbali, sukrosi mwisho. Barua zote zinazofuata zinauhitaji.

Kutoka kwa mfugaji wa nyuki, Mufindi

*Kamwene. Mimi hufuga nyuki kando ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Wateja wangu wa mjini wanalalamika kwamba asali ya barabarani imechanganywa na sukari, na wanatutilia shaka hata sisi waaminifu. Je, polima mliyoieleza inaweza kuwa shahidi wetu?*

Kamwene, ndugu yetu. Inaweza kuwa shahidi wa jambo moja na haiwezi kuwa shahidi wa jambo la pili, na ni haki yako kuyajua yote mawili kabla mtu hajakuuzia kifaa.

Asali ya nyuki wa kawaida ina wastani wa fruktosi takriban asilimia 38 na glukosi takriban asilimia 31 ya uzito wake. Maji ni karibu asilimia 17 au 18. Kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex zinataka fruktosi na glukosi zikijumlishwa zisipungue gramu 60 katika kila gramu 100 za asali ya maua, na sukrosi isizidi gramu 5 kwa aina nyingi za asali. Mtu akimimina ndani ya asali sharubati ya sukari ya dukani, anaongeza sukrosi na maji, na anapunguza sehemu ya fruktosi. Polima ya boroni, ambayo huipenda fruktosi na karibu haiioni sukrosi, itatoa alama ndogo kuliko inavyopaswa kwa uzito uleule wa asali. Udanganyifu wa namna hiyo, ambao nadhani ndio wa kawaida zaidi katika chupa zinazouzwa kando ya barabara, polima itaubaini.

Kipimo chenyewe hakitafanywa kwenye asali nzito. Asali ina sukari nyingi mno kiasi kwamba kila boroni ndani ya jeli itakuwa imeshashika, na hapo jeli haitofautishi tena kitu. Chukua gramu moja ya asali uiyeyushe katika lita moja ya maji: utapata fruktosi takriban milimoli 2 kwa lita (milimoli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa molekuli) na glukosi pungufu kidogo ya hapo. Asidi ya fenilboroniki katika pH 7.4 hufikia nusu ya mshiko wake kwa fruktosi karibu na milimoli 6 kwa lita, kwa hiyo gramu moja kwa lita, au mbili, inaangukia mahali ambapo jeli inahisi vizuri. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu itakufaa kuliko kijiko, na maji yawe yametiwa chumvi za kutuliza pH, kwa kuwa asali yenyewe ni chachu, kwa kawaida karibu na pH 4, na katika uchachu huo asidi ya boroniki hushika kwa shida.

Jambo la pili ni lile ambalo polima haiwezi. Tapeli anayejua kazi yake huchemsha sukari ya dukani pamoja na limao au asidi nyingine, na sukrosi inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Sharubati hiyo ikichanganywa katika asali, polima itaona fruktosi na glukosi kama kawaida na itanyamaza. Maabara kubwa hushughulikia hila hii kwa kupima uwiano wa isotopu za kaboni, yaani atomu za kaboni zinazotofautiana uzito: muwa na mahindi huchukua kaboni kutoka hewani kwa njia tofauti na ile ya miti na maua mengi ambayo nyuki huyatembelea, na tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari hata ichemshwe mara ngapi. Hiyo ni mashine ya gharama kubwa, na hakuna jeli iliyo mbadala wake.

Niongeze tahadhari kwa ajili ya wafugaji wa nyuki wadogo wasiouma. Asali yao kwa asili ina maji mengi zaidi, na utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asali ya baadhi ya spishi za nyuki hao huko Malaysia, Australia na Brazil ina kwa wingi sukari iitwayo trehalulosi. Mtu akiihukumu asali ya namna hiyo kwa namba za nyuki wakubwa, atamwita mwizi mtu asiye na kosa. Vivyo hivyo, nyuki waliolishwa sharubati wakati wa njaa wanaweza kuacha sukrosi ndani ya masega bila mfugaji kuwa na nia mbaya, ingawa afadhali mfugaji huyo avune baada ya nyuki kurudi kwenye maua.

Ushauri wangu ni kwamba ushirika wenu ukipata kifaa cha namna hii, mkitumie kuchuja, si kuhukumu. Chupa iliyotoa alama ndogo ipelekwe maabara. Chupa iliyotoa alama ya kawaida bado haijathibitishwa kuwa safi. Na muanze kwa kupima asali yenu wenyewe, mizinga mingi, misimu miwili au mitatu, ili mjue ya Mufindi hukaa wapi kabla hamjaanza kuilinganisha na ya mtu mwingine.

Kutoka kwa msomaji wa Tukuyu

*Shikamoo. Mama yangu ana kisukari na hutobolewa kidole mara kadhaa kwa siku. Nimesikia kwamba hizo jeli zinaweza kuwekwa mwilini zikapima zenyewe. Ni kweli, na je, tuiache mashine tuliyo nayo?*

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole kwa usumbufu wa vidole. Ni kweli. Kipo kifaa kinachoitwa Eversense, ambacho ni kijiti kidogo kinachowekwa na mtaalamu chini ya ngozi ya mkono wa juu, kikiwa kimefunikwa na haidrojeli yenye asidi ya boroniki na molekuli inayong'aa. Kifaa kingine huvaliwa juu ya ngozi palepale, hukimulika na kusoma mng'ao, na kutuma namba kwenye simu. Kiliruhusiwa Ulaya mwaka 2016, na nchini Marekani Juni 2018 kikiwa cha siku 90. Toleo la mwaka mzima liliruhusiwa Marekani mwaka 2024. Kwa hiyo kemia niliyomweleza mwalimu wa Iringa haikai kwenye vitabu pekee. Iko ndani ya mikono ya watu.

Utauliza inakuwaje jeli inayoipenda fruktosi itumike kupima glukosi. Damu yenyewe inasaidia, kwa maana glukosi ndani yake huhesabiwa kwa milimoli kadhaa kwa lita, ilhali fruktosi ni kidogo sana. Wanakemia nao wamesaidia kwa njia mbili. Wamebadilisha vikundi vilivyo jirani na boroni ili ishike vizuri katika pH ya damu, kwa kuwa asidi ya fenilboroniki ya kawaida, yenye pKa (pH ambayo nusu yake huwa imepata chaji hasi) ya takriban 8.8, hungoja maji yawe ya kibesi zaidi ya hapo. Tena wameweka boroni mbili kwa umbali uliopimwa, kwa kuwa glukosi ina jozi mbili za haidroksili zinazoweza kushikwa kwa pamoja kama mtu anayeshikwa mikono yote miwili, jambo ambalo fruktosi kwa kawaida hailiwezi.

Hata hivyo boroni haiachi tabia yake. Dawa iitwayo manitoli, inayotolewa hospitalini kwa mshipa, ni molekuli yenye haidroksili nyingi na boroni huishika kwa furaha. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa kifaa hicho wanaonya kwamba mgonjwa akipewa manitoli, namba inaweza kupanda kwa uongo. Mashine ya kidole haina tatizo hilo, kwa kuwa hutumia kimeng'enya.

Msiache mashine mliyo nayo. Kifaa cha kuwekwa chini ya ngozi kinahitaji daktari wa kukiweka na kukitoa, kina gharama, na hata wenye nacho huambiwa wawe na mashine ya kidole karibu. Suala la mara ngapi mama atobolewe lipelekeni kwenye kliniki yake ya kisukari. Jambo dogo linalofaa huku kwenu kwenye baridi: vijiti vya kupimia vina kiwango cha joto vilivyotengenezewa, kilichoandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Asubuhi za Juni na Julai msipime mara mashine inapotoka kwenye chumba chenye ubaridi mkali. Acheni ipate joto la nyumba kwanza.

Kutoka kwa mgema ulanzi (pombe ya utomvu wa mianzi), kijiji cha Kilolo

*Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, na wa jioni umeshakuwa mkali. Je, jeli hiyo inaweza kuniambia sukari imebaki kiasi gani ili niuze ukiwa bado mtamu?*

Swali lako lina mtego, na nimelifurahia. Mtu angetarajia kwamba sukari ikiliwa na hamira za asili, jeli itasinyaa polepole kuanzia asubuhi hadi jioni. Lakini hamira hutoa kimeng'enya kinachovunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na jeli, ambayo haikuwa ikiiona sukrosi, huanza kuziona hizo mbili. Kwa hiyo, kwa kadiri utomvu wa mianzi ulivyo na sukrosi, alama inaweza kupanda kwanza ilhali sukari yote kwa jumla inapungua. Zaidi ya hayo, hamira nyingi hula glukosi upesi kuliko fruktosi, kwa hiyo kinachobaki kuelekea mwisho ni kilekile ambacho boroni hukipenda zaidi. Na ulanzi ukichachuka, uchachu wake hudhoofisha mshiko, na jeli itasinyaa kwa sababu ambayo si sukari.

Kwa kazi yako, kipimo cha kuelea (haidromita), kinachopima uzito wa kinywaji ukilinganishwa na wa maji, kitakufaa zaidi kuliko jeli. Pima mara tu unapoteremsha mbeta, yaani chombo cha kugemea, pima tena kila baada ya saa mbili, uandike. Baada ya siku chache utajua ulanzi wako unaanza kugeuka saa ngapi katika baridi na saa ngapi jua linapowaka.

Kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tano, Mbeya

*Naomba kujua kama kuna jaribio la namna hii tunaloweza kulifanya katika maabara ya shule yetu, ambayo haina vifaa vingi.*

Lipo, ingawa halina polima ndani yake. Lina boroni tu, na boroni ndiyo kiini. Mtahitaji boraksi kidogo (chumvi yenye boroni), fenolifthalini ambayo maabara za shule huwa nayo kwa ajili ya kupima asidi na besi, glukosi ya unga inayouzwa duka la dawa, sukari ya mezani, asali na magadi.

Yeyusheni boraksi kiasi cha ncha ya kijiko katika glasi ya maji. Maji hayo yatakuwa na pH karibu 9, na tone la fenolifthalini litayafanya ya waridi. Yagawanyeni katika mirija minne. Mrija wa kwanza uachwe ulivyo. Katika wa pili tieni sukari ya mezani kidogo, na waridi itabaki karibu ilivyokuwa. Katika wa tatu tieni glukosi polepole huku mkitikisa, na mtaona waridi ikififia mpaka ipotee, kwa sababu boroni inaposhika sukari inakuwa asidi kali zaidi na kuivuta pH chini. Hilo ndilo jambo lilelile linaloipa jeli chaji na kuivimbisha, isipokuwa hapa mnaliona kwa rangi. Wanakemia hutumia hila hiyohiyo kwa kutumia manitoli wanapotaka kupima asidi ya boriki, ambayo peke yake ni dhaifu mno kupimwa vizuri.

Mrija wa nne ni wa asali, na hapa muwe waangalifu. Asali ina asidi yake yenyewe, ambayo sehemu kubwa ni asidi ya glukoniki iliyotengenezwa na nyuki kwa kimeng'enya cha glukosi oksidesi, kilekile kilichomo katika mashine nyingi za kupimia damu. Mkiitia moja kwa moja, waridi itapotea na hamtajua kama ni kwa ajili ya sukari au kwa ajili ya asidi hiyo. Kwa hiyo yeyusheni asali majini kwanza, tieni tone la fenolifthalini, kisha ongezeni magadi yaliyoyeyushwa, tone kwa tone, mpaka waridi hafifu itokee na kukaa. Baada ya hapo ndipo mwimimine katika maji ya boraksi. Fanyeni vivyo hivyo, kwa magadi yaleyale, katika mrija mwingine wenye maji matupu badala ya boraksi, ili muwe na kitu cha kulinganisha.

Boraksi hailiwi na haionjwi. Asali iliyoingia maabara isirudi jikoni, na mikono ioshwe kabla ya mapumziko ya chai.